Plasta ya Usingizi na Mtihani Wake

Katika mji wa Isiolo nchini Kenya, inapopita barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale, wanaokosa usingizi hawakoseshwi na jambo moja. Yuko mfugaji ambaye ng'ombe wake waliangamia katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ilipopita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na wahka wa siku zile ungali umo moyoni mwake. Na yuko dereva aliyenunua miraa ya Meru ingali mbichi ndani ya majani ya mgomba, akaitafuna tangu alasiri, na usiku kathinoni iliyomo humo ikamnyima hata lepe la usingizi. Iwapo wawili hawa watauziwa plasta ya kubandika ngozini, wakaambiwa kuwa hutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, wana haki ya kujua imepimwaje.

Dawa kupita ngozini si muhali: Marekani iliidhinisha plasta ya skopolamini, ya kuzuia kichefuchefu cha safarini, mwaka 1979, na za nikotini mwaka 1991. Lakini tabaka la juu la ngozi ni bawabu mkali, asiyepitisha ila chembe ndogo mno zenye kuyeyuka katika mafuta. Kwa hivyo plasta inayosifiwa kuwa haina dawa yoyote, ila mitetemo iliyotiwa ndani yake, inadaiwa ushahidi mzito zaidi.

Ushahidi huo haupatikani kwa kumwuliza tu aliyeivaa kama amelala vyema, maana tumaini peke yake laweza kumlaza mtu. Mwaka 1784 tume ya Mfalme Louis XVI wa Ufaransa, ambayo Benjamin Franklin alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, ilichunguza tiba ya tabibu Mesmer iliyodaiwa kuwa ya nguvu za sumaku: mvulana alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa mti baada ya mti, akazimia penye mti usiotiwa nguvu yoyote, ilhali ule uliotiwa ulikuwa mbali naye.

Ndiyo maana mtihani wa haki hutaka plasta mbili zisizotofautika kwa sura, moja kamili na moja tupu, zigawanywe kwa kura, wala mgonjwa wala mwuguzi asijue nani amepewa ipi mpaka hesabu zifungwe. Kabla ya hayo, Bodi ya Dawa na Sumu na kamati ya maadili ziidhinishe, na kila mtu, awe Mborana, Mturkana, Msamburu au Msomali, aelezwe kwa lugha yake kwamba huenda akaangukiwa na ile tupu, na kwamba ana hiari ya kujitoa. Usiku avae saa ya mkononi inayonasa mijongeo ya mwili. Asubuhi aandike, au aandikiwe, saa aliyolala na saa aliyoamka. Nami naliona kuwa sharti lisiloachwa katika mji huu, hata likiwachosha watafiti, kwamba habari za miraa ziulizwe kila siku: imetafunwa kiasi gani, na wakati gani. Pasipo hilo, dereva aliyepumzika kutafuna kwa wiki mbili atahesabiwa kuwa ameponywa na plasta, na mfugaji atauziwa plasta hiyo kwa ushahidi wa usingizi wa mwenzake.