«Pet Sematary»: Baba aliyekataa kumwacha mwanawe kaburini

Katika hadithi nyingi za kutisha, tamaa iliyokatazwa ni ya mwili, ya pesa ao ya mamlaka. Mtu anauza roho yake, kisha analipa. Stephen King, mwandishi wa Marekani, alichukua njia nyingine katika riwaya yake «Pet Sematary», iliyotoka mwaka wa 1983. Kosa la mtu wake ni kumpenda mtoto kupita mpaka.

Louis Creed ni daktari. Anahama Chicago pamoja na mke wake Rachel na watoto wawili, wanakwenda kuishi Ludlow, katika jimbo la Maine, kando ya barabara ya malori makubwa. Nyuma ya nyumba, msituni, watoto wa pale huzika mbwa na paka waliogongwa. Kibao chao kina makosa ya kuandika, na ndilo jina la kitabu. Mbele zaidi kuna makaburi ya zamani ya Wamicmac, wenyeji wa kwanza wa eneo hilo. Anayezikwa pale anarudi, lakini harudi yeye.

Anayemwonyesha Louis njia si mchawi. Ni jirani, mzee Jud, mtu mwema anayetaka kumshukuru kwa kumwokoa mke wake aliyeshikwa na moyo. Paka wa binti wa Louis amegongwa, na mzee anamhurumia mtoto. Paka anarudi akinuka udongo, anararua panya na ndege.

Kwa hiyo Louis ameona. Tena, kijana mmoja aliyemfia mikononi alimtokea usiku kumkataza asivuke. Tena Jud anamsimulia habari za askari wa Vita ya Pili ya Dunia aliyerudishwa na baba yake, na namna nyumba yao ilivyoishia katika moto. Maonyo yalikuwa mengi. Hayakufaa kitu siku lori lilipomgonga Gage, mwanawe mdogo.

Rachel naye, tangu dada yake Zelda alipomfia nyumbani wakiwa wadogo, hawezi kusikia neno kifo. Mbele ya jeneza la Gage, Louis na baba mkwe wanapigana. Kwetu, ambako watu wa matanga wanajaza lupango, msomaji ataona upesi kinachokosekana: hakuna anayelala karibu na huyu baba.

Louis anapanga kama daktari anayepanga matibabu: mambo yakiharibika, atamaliza kwa sindano. Anafukua kaburi usiku. Kinachorudi kina uso wa Gage; kinachukua kisu cha upasuaji katika mfuko wa baba, kinamuua Jud, kisha Rachel. Louis anatumia ile sindano. Halafu anambeba mke wake kuelekea mahali pale pale, akijiambia kwamba kwa mtoto alichelewa tu. Ukurasa huo unaogopesha kuliko damu yote iliyotangulia.

King mwenyewe aliwahi kuishi kando ya barabara kama hiyo, huko Orrington, Maine. Paka wa binti yake aligongwa, na mwanawe mdogo nusura aingie chini ya lori. Alipomaliza kuandika, aliona kitabu ni kibaya mno, akakiweka kando. Kilitoka kwa sababu alikuwa bado na deni la kitabu kimoja kwa wachapishaji wake, Doubleday.