Gobori bila fataki ni gongo tu

WATU wa Kimumu na mitaa mingine ya Eldoret wamezoea kusikia kwamba mji wao unatengeneza risasi. Kiwanda hicho cha serikali kilianzishwa katika miaka ya 1990. Lakini je, msomaji, wajua kwamba katika karne ya 19 vita vizima viliamuliwa na kijikopo cha shaba kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi?

Kijikopo hicho kiliitwa fataki. Kabla yake palikuwa na gumegume, bunduki iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Mvua ikinyesha, jiwe halikutoa moto. Fataki iliondoa taabu hiyo. Ndani yake mlikuwa na dawa inayolipuka ikigongwa, na moto wake ukapenya katika tundu dogo hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa mtutuni.

Waingereza walitumia ufundi huo pia katika bastola. Mwaka 1851 Robert Adams alionyesha huko London bastola yenye kijigurudumu cha matundu matano. Kila tundu lilijazwa baruti na risasi kwa mbele, kisha likavishwa fataki yake kwa nyuma. Baadaye ikaja bastola ya James Kerr. Marekani ilipopigana yenyewe kwa yenyewe kati ya 1861 na 1865, majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na viwanda vichache, yalinunua bastola hizo kwa maelfu. Manowari za Kaskazini zikaziba bandari, na silaha zikawa zinaingizwa kwa magendo.

Miongoni mwa askari wa Kusini alikuwamo kijana Henry Morton Stanley, aliyetekwa katika vita vya Shiloh mwaka 1862. Ndiye yule aliyepokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875!

Mabaki ya Ulaya

Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, magobori ya zamani hayakutupwa. Yaliuzwa. Mengi yalipitia Unguja, yakapandishwa bara na misafara, na malipo yakawa pembe za ndovu na watumwa. Buganda ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Matunda yake yalikuwa machungu. Mwezi wa Septemba 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo kutoka mji mkuu, wengi wakakimbilia Ankole. Ndugu wakageuziana mitutu. Mwanga alirudishiwa kiti kwa msaada wa Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara wa silaha. Biashara hiyo ndiyo iliyomponza: Januari 1895 alinyongwa Kongo kwa amri ya ofisa wa serikali ya Mfalme Leopold.

Baadaye Wakristo wenyewe waligawanyika, Wakatoliki wakiitwa Wafransa na Waprotestanti Wangereza. Kapteni Frederick Lugard alifika Kampala Desemba 1890 akiwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim, kuukuu, iliyokwisha kusafiri na Stanley. Mambo yalipochacha, aliwagawia Waprotestanti mamia ya bunduki. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo zilipambana Mengo, Wakatoliki wakashindwa, na Mwanga akakimbia. Miaka miwili baadaye Uganda ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza.

Basi nani hasa alishinda? Kila upande ulitegemea baruti na fataki za mgeni. Aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye aliyechagua mshindi, kisha akatwaa nchi.

Mkuki haungoji fataki

Huku kwetu Wanandi walikuwa na bunduki chache. Walitegemea mikuki, mishale, ngao na ujuzi wa vilima vyao. Hata hivyo waliwasumbua Waingereza kwa miaka ipatayo kumi, tangu 1895, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kuzungumzia amani na Richard Meinertzhagen. Silaha yao ilifuliwa na wahunzi wa nyumbani, na mkuki haungoji fataki kutoka pwani.

Haya si kusema kwamba mkuki unashinda risasi. Maiti za Nandi zilishuhudia kinyume chake. Funzo ni kwamba ndugu wanaogombana kwa silaha ya kuazima hukuta nyumba imekwisha kuwa ya mwenye kuazimisha.

Na kwa wazazi, neno moja. Mkikuta gobori au bastola kuukuu katika nyumba ya marehemu babu, msiwaache watoto waichezee. Baruti iliyobaki mtutuni inaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi, na sheria ya Kenya inataka mwenye silaha awe na cheti. Pelekeni habari kituo cha polisi. Hadithi yake bakini nayo, muwasimulie watoto.