Santuri Haikuwa na Kosa

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna sanduku la santuri lililosahauliwa chini ya kitanda, nakuomba usilitupe kabla hujanisikiliza.

Kwetu lilikuwapo sanduku kama hilo. Marehemu baba alikuwa baharia, na mwaka 1973 alirudi Mombasa kutoka Marekani na kinanda cha santuri, kizito, cha mbao, kilichoendeshwa kwa ukanda wa mpira. Umeme wa kule ni kama volti 120 na wetu ni 240, basi akanunua transfoma ya kuupunguza, na kinanda kikaimba. Jirani walijaa barazani kuja kukitazama.

Mama alikuwa na santuri yake aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, ya bibi mmoja wa papa hapa Mombasa. Bibi huyo ndiye aliyeimba katika harusi ya mama mwaka 1971. Sauti tuliyoisikia sisi watoto ilikuwa nzito, ya kujikokota, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Tukimwita "bibi mwenye sauti ya kiume". Mama alikuwa akitabasamu tu, hasemi neno.

Joto na unyevu wa pwani si rafiki wa mpira. Baada ya miaka kadhaa ukanda ule ulilegea, ukanata kama lami, kisha ukakatika. Kinanda kikaingia stoo. Baba naye akatangulia mbele ya haki, na santuri zikalala.

Mwaka jana nilisikia kuwa hoteli moja ya ufuoni inauza vyombo vyake vikuukuu. Nikaenda, nikanunua kinanda cha Technics, SL-1200MK2. Nilipokiingiza nyumbani mama aliniuliza, "Kimetoka wapi hicho?"

"Hotelini, mama. Kilikuwa cha disko."

"Basi na kikae huko ukumbini mpaka kisafishwe."

Alisema kweli, maana kilikuwa na uchafu wa kila namna. Na kilikuwa kigonjwa. Upande mmoja wa spika ulikuwa kimya, kilinguruma kama nyuki, na mwendo wake ulipanda na kushuka. Nikakipeleka kwa fundi wa redio wa Mji wa Kale, mzee aliyeanza kazi hiyo zama za redio za vali.

Fundi aliinua ile sahani nzito ya alumini, akanionyesha chini yake. "Tazama, bwana. Hapa hapana ukanda wala gurudumu la mpira. Sahani yenyewe ndiyo mota." Kweli, sumaku imeshikamana na sahani, na nyaya za shaba zimepangwa chini yake kuzunguka ekseli. Ukiirudisha sahani mahali pake, mota imekamilika. Haizunguki mbio kisha ikapunguzwa, bali huenda mwendo ule ule wa santuri, 33 na thuluthi au 45. Anayeilinda isitoke katika mwendo ni kipande cha kwatzi, kama kilichomo katika saa ya mkononi.

Kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa kinanda cha namna hii, SP-10, mwaka 1970 kwa jina la Technics. SL-1200 ilifuata mwaka 1972, na hii MK2 mwaka 1979. Vijana wa disko duniani kote waliipenda kwa nguvu zake. Kiwanda kilisimamisha kuitengeneza jamii hii mwaka 2010, kisha kikairejesha mwaka 2016.

Matibabu yake hayakuwa makubwa. Waya wa kupeleka sauti ulikuwa umekatika ndani, na ule wa kuondoa mngurumo ulikuwa umeng'oka, akavilehemu vyote viwili. Kitelezi cha kuongeza na kupunguza mwendo kilijaa vumbi, akakisafisha. Ekseli ilikuwa kavu, akaitia matone matatu ya mafuta mepesi. Akatia sindano mpya na kuupima uzito wa mkono kwa gramu. Kisha akawasha taa nyekundu iliyo ubavuni. Sahani ina safu za nukta ukingoni, na mwendo ukiwa sawasawa, safu moja huonekana imesimama tuli. Ilisimama.

Jioni nikaifuta santuri ya mama kwa kitambaa laini, nikaiweka. Ikatoka sauti nyembamba, kali, ya msichana mchangamfu! Nilidhani nimekosea mizunguko. Nikatazama, ni 45. Nukta zimesimama. Nikatazama jina, ni yule yule bibi.

Mama alikuwa akichambua mchicha. Aliacha mkono, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndiye huyo. Ndivyo alivyoimba siku ya harusi yangu."

Kesho yake nilimrudia fundi na habari hizo, akacheka. Transfoma, alinieleza, hupunguza volti, lakini haigusi mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mota za vinanda vingi vya kale zilifuata mapigo hayo. Kwa hivyo kinanda cha baba kilipungua sudusi nzima ya mwendo. Mizunguko 45 ikawa 37 na nusu, na wimbo wa dakika 3 ukachukua dakika 3 na sekunde 36. Dawa ilikuwa kubadili kijigurudumu kidogo kwenye mota, na hatukujua. Kinanda cha mota ya sahani kama hiki hujipimia mwendo chenyewe, hakiulizi umeme wa nchi unapiga mara ngapi.

Usidhani, msomaji, kwamba chenyewe hakina hatari. Vilivyotengenezwa kuuzwa Japani hutumia volti 100. Ukikichomeka katika umeme wetu bila transfoma utakiunguza papo hapo. Soma kibao cha nyuma kabla ya kulipa. Na sahani ikiwa imetolewa, weka skrubu mbali, sumaku isije ikazinyakua.

Lakini lililonikaa moyoni si hilo. Nilimuuliza mama, "Ulijua siku zote kuwa sauti ile si yake?"

"Nilijua. Nilimsikia kwa masikio yangu, hatua mbili mbele yangu."

"Mbona hukumwambia baba?"

Akarudi kwenye mchicha wake. "Baba yako alilibeba lile dude begani kutoka bandarini mpaka hapa, mwanangu. Ningemwambiaje kuwa haliimbi sawa?"

Siku hizi, baada ya sala ya Alasiri, mama huitaka santuri moja au mbili. Adhana ya Magharibi ikikaribia huniashiria kwa mkono, nami nazima. Siku moja nilitaka kuirudisha ile sauti nzito ya utotoni mwangu, maana nami nilikuwa nimeizoea. Nikakishusha kitelezi mpaka mwisho, lakini hakipunguzi zaidi ya asilimia 8, nusu tu ya safari. Bibi hakuwa yule wa utotoni wala yule wa harusini.

Mama akapiga ukelele kutoka jikoni, "Ebu muache bibi wa watu aimbe!"

Nikakirudisha katikati.