Gari Limevutwa: Ufanyeje, Mama?

Je, mama, umewahi kutoka dukani na mtoto mkononi, ukakuta gari mlilokuja nalo halipo? Jambo hilo lilitupata California, Marekani, tulikokwenda kumsaidia mdogo wetu aliyejifungua. Alikuwa ameegesha kwenye uwanja wa duka jingine bila kusoma kibao. Kampuni ya kuvuta magari ikalichukua. Ndani yake ilibaki insulini yake, na saa ya kujichoma sindano ilikaribia.

Tuliwapigia polisi kwa namba iliyo kwenye kibao, wakatuelekeza gari lilipo. Huko karani alisema hatugusi kitu mpaka tulipe. Mdogo wetu akaanza kulia. Sisi wauguzi tunajua kwamba insulini iliyoachwa ndani ya gari juani huharibika, na mgonjwa akikosa dozi anaweza kuzidiwa. Jirani aliyetusindikiza aliijua sheria. Akasema kwa upole kwamba vitu vya mwenye gari hutolewa saa za kazi bila malipo. Karani akamwita mkubwa wake, tukapewa mfuko wetu. Gari tulilikomboa kesho yake.

Kila mwenye ndugu au mtoto huko California na ayajue haya:

1. Ukilikuta gari limeshafungwa kwenye lori lakini halijatoka kwenye uwanja wa mtu binafsi, wanapaswa kuliachia. Malipo yasizidi nusu ya ada ya kawaida ya kuvuta.

2. Kampuni haiwezi kudai fedha taslimu tu. Ni lazima ipokee pia kadi ya mkopo ya benki. Dai hati inayoonyesha kila gharama.

3. Kampuni ikikutoza kupita kiwango cha haki kwa gari lililovutwa kwenye uwanja wa mtu binafsi, unaweza kuidai mahakamani mara 4 ya ulichotozwa.

4. Likivutwa kwa amri ya polisi, una siku 10 tangu tarehe ya taarifa kuomba usikilizwe. Shauri husikilizwa ndani ya saa 48, bila kuhesabu mwisho wa juma na sikukuu. Ikionekana hapakuwa na sababu halali, idara iliyoamuru ndiyo hubeba gharama.

Sheria haimfutii mtu kosa la kuegesha pasipo ruhusa. Mdogo wetu alikosa, akalipa. Lakini kukosa si kupoteza haki zote. Basi, akina mama, someni kibao kabla ya kufunga mlango wa gari, na dawa zikae mkobani.