Vidole Vikiungua, Oksijeni Itapimwa Wapi?

Nyumba ya nyasi imeshika moto usiku, na mtoto alikuwa amelala ndani. Sasa yuko hospitali. Mikono imefungwa bendeji, na miguu vilevile. Mwuguzi anakuja na kile kibanio kidogo chenye taa nyekundu, anamtazama mtoto, haoni kidole cha kukibania. Mama aliyeketi kando ya kitanda ana haki ya kuuliza: je, mwanangu hatapimwa?

Atapimwa. Lakini kwanza tukijue kibanio chenyewe, ambacho madaktari hukiita oksimita. Upande mmoja hutoa miali miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Upande wa pili hupokea mwanga uliopenya kidole. Damu iliyojaa oksijeni na damu iliyopungukiwa hazizuii miali hiyo kwa namna moja, nayo mashine huhesabu tofauti kwa kufuata kila pigo la moyo. Njia hii ilitangazwa mwaka 1974 na Mjapani Takuo Aoyagi. Mtoto mwenye afya kwa kawaida huonyesha 95 hadi 100 kwa mia. Akishuka chini ya 90 hupewa oksijeni.

Basi, mashine haina haja na kidole hasa. Yataka mahali pembamba panapopitisha mwanga, penye damu itembeayo vizuri. Ndewe ya sikio yafaa sana, tena huonyesha upungufu mapema kuliko kidole cha mguu. Kwa mtoto mchanga, kiganja au wayo hutosha. Masikio nayo yakiwa yameungua, madaktari wamepata kukiweka kipimo shavuni, upande mmoja ndani ya kinywa na mwingine nje, au hata ulimini. Ulimi, hata hivyo, ni wa mtoto aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Aliye macho hatakubali, na nani angemlaumu?

Paji la uso lina kipimo chake, kinachotoa mwanga na kuupokea upande ule ule. Kibanio cha kidole kisigandishwe hapo kwa plasta, maana chaweza kuonyesha namba ya uongo. Popote kilipowekwa, kipimo huhamishwa baada ya saa chache kisije kikaichubua ngozi, nayo hesabu ya mapigo kwenye mashine sharti ilingane na moyo wa mtoto. Mtoto aliyeungua hupata baridi upesi, damu ikapungua mikononi na miguuni, namba zikayumba.

Namba ya kuogopa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile nzuri. Moshi wa nyumba iungayo, au wa jiko la mkaa chumbani, una hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Sumu hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haiwezi kuitofautisha. Itaonyesha 98 au 99, kumbe mtoto anakosa hewa! Hapo kuhama kutoka kidoleni hadi sikioni hakusaidii kitu. Daktari humpa oksijeni bila kuingojea namba ishuke, na kipimo cha kweli ni cha damu yenyewe, kwa mashine nyingine.

Kwa hiyo mzazi aseme, hata asipoulizwa: moto ulikuwa ndani au nje, mlango ulikuwa umefungwa, mtoto alikaa katika moshi muda gani, sauti yake imekwaruza tangu lini, masizi yalionekana puani au hayakuonekana.