Usiwacheke Watu Wazima Wanaojenga kwa Matofali ya Plastiki

Wiki mbili zilizopita kakangu anayefanya kazi Dubai alinitumia picha kwenye simu. Nikaona Burj Khalifa, nikadhani kaipiga kutoka mbali. Kumbe ni ya matofali ya plastiki, yale ya Lego wanayochezea watoto, na imesimama ndani ya Legoland ya huko huko Dubai, urefu wake kama mita 17. Mwanangu wa miaka kumi na miwili aliikodolea macho. Mimi nilicheka, nikasema watu wazima wengine hawana kazi.

Maneno hayo nimeyameza, na leo nataka kueleza kwa nini.

Ile ya Dubai ni kazi ya mafundi wanaolipwa. Lakini wako watu wengine, wake kwa waume, hasa Ulaya na Marekani, wanaojenga kwa pesa zao wenyewe baada ya saa za kazi, kwa sababu wanapenda tu. Hawafuati ile karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Wanabuni wenyewe bandari, ngome au mtaa mzima, na watu wake na miti yake, kwa kipimo kidogo cha kukaa juu ya meza. Kazi ya namna hii huitwa diorama. Mmarekani mmoja, Alice Finch, alitumia karibu mwaka mzima kujenga shule ya Hogwarts ya hadithi za Harry Potter. Matofali yalikuwa kiasi cha 400,000, na mwaka 2012 aliionyesha Seattle.

Hili linawezekana kwa sababu ya tofali lenyewe. Tofali la Lego kwa umbo tunalolijua lilisajiliwa Denmark kama uvumbuzi mwaka 1958, na la miaka hiyo bado linashikana na lililotoka kiwandani jana. Kwa hivyo mjenzi hukusanya mapya na makuukuu, akayachanganya.

Kazi huanza na kipimo. Wengi humtumia yule mtu mdogo wa Lego, ambaye urefu wake ni kama sentimita 4. Ukimchukulia kuwa ni mtu mzima, basi mita moja ya nyumba ya kweli inakuwa kama sentimita mbili na nusu, yaani vinundu vitatu vya juu ya tofali. Baada ya hapo ni kuchambua. Wazoefu huchambua kwa umbo, si kwa rangi, kwa sababu kipande chekundu kidogo ndani ya ndoo ya vipande vyekundu hukioni, lakini ndani ya vipande vya umbo lake utakiona mara moja. Mlima huachwa na uwazi ndani, ukashikwa na nguzo, ili usile matofali bure. Ukuta unaotakiwa uwe laini hujengwa kwa kulaza matofali, vinundu vikatazama pembeni. Maji ni vipande vya kioo vilivyotandazwa juu ya buluu. Mji mkubwa hujengwa vipande vipande, kila kimoja juu ya kibao chake, ili ubebeke kwa gari hadi kwenye maonyesho. Na wengi hawatumii gundi. Maonyesho yakiisha, hubomoa wakaanza kingine.

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Mwanangu alinishawishi nimnunulie mfuko wa matofali mchanganyiko kwa muuza mitumba Kongowea. Akamwaga mkekani, akasema, "Baba, tujenge nyumba ya babu."

Nyumba ya marehemu baba, Allah amrehemu, ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa. Nimezaliwa humo. Baada ya kufa kwake warithi tuliiuza, ikavunjwa, na sasa pamesimama ghorofa. Nikamwambia mwanangu haya, bismillahi, tuanze.

Akauliza ngazi ilikuwa upande gani wa daka. Nikasema kulia, halafu nikasita. Akauliza roshani ilikuwa na milango mingapi. Sikujua. Akauliza sebule upana wake ulikuwa vipi. Sikujua pia. Miaka ishirini na tatu nimelala ndani ya nyumba ile, na maswali matatu ya mtoto yamenishinda.

Nikampigia mamangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngazi ilikuwa kushoto, mwanangu. Na boriti za chumba changu zilikuwa kumi na tisa. Nilikuwa nikizihesabu usiku ule wa uchungu wako."

Boriti zile zikatupa jibu jingine. Wazee wetu walijenga kwa mawe na chokaa, na dari wakaishika kwa boriti za mikoko. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Kwa mita mbili na nusu, tukampa mama chumba cha vinundu vinane.

Hapo ndipo nilipowaelewa wale ninaowacheka. Kitu unaweza kukipenda miaka na usikijue. Ukitaka kukijenga, hata kwa udogo, kinakulazimisha ujue dirisha liko wapi na mlango unafungukia upande gani.

Nyumba yetu haijaisha. Ukuta mmoja ni mwekundu na mwingine wa kijani, na roshani imebaki nusu kwa kukosa vipande. Lakini kila Ijumaa jioni mama huja, huikagua, akatukosoa.

Msomaji, matofali haya ni ghali, na si lazima uyanunue. Katoni na wembe vinatosha. Ila kama nyumba ya wazee wako bado imesimama, chukua futi uipime, hesabu boriti, chora ngazi. Na mama akiwa hai, muulize leo.