Nchi Iliyofika Mwezini Kabla ya Darasa la Tano

Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kiitwacho Chandrayaan-3 kilitua salama karibu na ncha ya kusini ya mwezi, upande ambao hakuna taifa lililokuwa limetua kabla yake. Safari nzima iligharimu takriban dola milioni 75. Miezi michache kabla ya hapo shirika la Pratham, ambalo tangu 2005 hutuma watu nyumba kwa nyumba vijijini kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, lilikuwa limetoa ripoti yake ya mwaka 2022: katika kila watoto 100 wa darasa la tano, 43 hivi tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Magazeti huziandika habari hizi katika kurasa mbalimbali, moja chini ya sayansi na nyingine chini ya umaskini. Wasifiaji wa India hushika ya kwanza, wabezaji wakashika ya pili. Mimi naona zote mbili zina asili katika mpangilio mmoja wa elimu, na ukiuchunguza mpangilio huo kwa makini, hata sifa ya mwezi haiangukii pale inapozoeleka kuwekwa.

Sensa ya 1951, miaka minne baada ya uhuru, ilikuta Wahindi 18 tu katika kila 100 wakijua kusoma na kuandika. Kwa wanawake hawakutimia 9. Mwaka huohuo chuo cha kwanza cha teknolojia cha kitaifa, kile kinachojulikana kwa kifupi kama IIT, kilianza kufundisha Kharagpur, ndani ya majengo ya Hijli ambamo Waingereza walikuwa wakiwafunga wapigania uhuru. Vingine vilifuata upesi: Bombay kwa msaada wa Wasovieti, Madras kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, Kanpur kwa msaada wa Wamarekani, Delhi kwa msaada wa Waingereza. Ulikuwa ujanja wa kisiasa wa aina yake, waziri mkuu Jawaharlal Nehru kuwafanya mahasimu wa vita baridi washindane kumjengea vyuo. Lakini katiba ya 1950 ilikuwa pia imeagiza serikali ijitahidi, ndani ya miaka kumi, kumpatia kila mtoto elimu ya bure na ya lazima mpaka afikishe umri wa miaka 14. Vyuo vilijengwa kwa wakati. Agizo la watoto lilipata sheria ya kulitekeleza mwaka 2009.

Watetezi wa mpangilio huo husema nchi maskini haikuwa na fedha za kufanya yote, na kwamba bila wahandisi wa kiwango cha juu India ingebaki kununua mitambo ya wengine milele. Hoja hii si ya kupuuzwa. Vikram Sarabhai na wenzake walipoanza kurusha roketi ndogo Thumba, Kerala, mwaka 1963, ofisi yao ilikuwa kanisa la wavuvi. Miaka kumi na miwili baadaye, kwa kutumia setilaiti waliyoazimwa na Marekani, Wahindi walirusha vipindi vya televisheni vya kilimo, afya na elimu hadi vijiji vipatavyo 2,400. Hiyo ilikuwa sayansi yenye shabaha, iliyoachwa ikue kwa miongo bila kubadilishiwa mwelekeo kila waziri alipobadilika, na sidhani kama kuna siri nyingine kubwa kuliko huo uvumilivu.

Hata hivyo, tazama ni nani waliokifikisha chombo mwezini. S. Somanath, aliyeliongoza shirika la anga la ISRO siku ya kutua, alisomea uhandisi katika chuo cha kawaida huko Kollam, Kerala, ndipo akaendelea Bangalore. Mtangulizi wake, K. Sivan, ni mtoto wa mkulima kutoka kusini kabisa mwa Tamil Nadu, aliyesoma shule ya serikali iliyofundisha kwa Kitamil. Kwa muda mrefu shirika hilo limejengwa zaidi na wahitimu wa vyuo vya majimbo kuliko wa IIT, ambao wengi wao walivutwa na mishahara ya kampuni binafsi au ya ng'ambo. Sundar Pichai, mkuu wa Google, ni mhitimu wa Kharagpur. Unaweza kunijibu kwamba kituo cha roketi kiliwekwa Kerala kwa sababu mstari wa ikweta ya sumaku unapita karibu na Thumba, hivyo kuajiri watu wa jirani lilikuwa jambo la kutarajiwa. Ni kweli. Ila jirani aliyepatikana hapo alikuwa tayari amesoma, na hilo halikuletwa na sumaku. Kerala iliweka fedha katika shule za msingi na zahanati tangu mapema, na mwaka 1991 ikatangazwa kuwa jimbo la watu wote wanaojua kusoma. Tamil Nadu ilianza kuwapa watoto mlo wa mchana shuleni katika miaka ya 1950 chini ya waziri kiongozi wake K. Kamaraj, ikaupanua sana mwaka 1982. Mahakama ya Juu ya nchi ilipoamuru mwaka 2001 kwamba majimbo yote yafanye vivyo hivyo, mfano ulikuwa umekwishaiva kusini. Majimbo hayo hayakuwa tajiri yalipoanza, na hapo dai la kukosa fedha linapungua nguvu.

Mlango wa IIT wenyewe umekuwa mwembamba mno. Vyuo ni 23 sasa, na mwaka 2024 nafasi za mwaka wa kwanza zilikuwa takriban 17,700, ilhali waliojiandikisha kwa mtihani wa mchujo walizidi milioni moja. Mji wa Kota, Rajasthan, umekuwa kiwanda cha tuisheni kwa ajili ya mtihani huo, na vifo vya wanafunzi wanaojiua huko vimekuwa jeraha la taifa. Nusu ya nafasi, au karibu yake, hutengwa kwa watu wa matabaka na makabila yaliyokandamizwa, jambo la haki. Lakini kutenga kiti cha chuo hakumsaidii aliyepotelea darasa la tatu.

Sera mpya ya elimu iliyopitishwa Julai 2020 inalikiri hili kwa uwazi usio wa kawaida katika nyaraka za serikali. Inakadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 50 wa shule za msingi hawajui kusoma na kuhesabu ipasavyo, na inasema kwamba mengine yote yaliyomo hayatawafaa wanafunzi mpaka hilo litimie kwanza. Inapendekeza pia mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau hadi darasa la tano, pendekezo ambalo wazazi wengi wa mijini, wakikithamini Kiingereza cha darasani kama tiketi ya ajira, hawalipendi. Wazazi wa Dar es Salaam watawaelewa bila mkalimani. Mwaka 2021 ulizinduliwa mpango wa kuhakikisha kila mtoto wa darasa la tatu anasoma ifikapo 2026-27. Vipimo vya Pratham vya 2024 vinaonyesha dalili njema: katika shule za serikali vijijini, watoto wa darasa la tatu wanaosoma hadithi ya darasa la pili wamepanda kutoka asilimia 16 hadi 23 ndani ya miaka miwili. Bado ni chini ya robo.

Msomaji wa Tanzania ana pingamizi lake, tena zito. Sisi tulianza chini: Azimio la Musoma la 1974 lilidai elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakajaa, na hatukufika mwezini. Jibu ni kwamba walimu wengi waliandaliwa haraka mno, uchumi ukayumba kabla matunda hayajaonekana, na sekondari ikabaki ya wachache sana kwa miongo. Korea Kusini, kinyume chake, haikuishia chini: iliandikisha karibu watoto wote shule ya msingi kufikia mwisho wa miaka ya 1950, ikapanua sekondari, na mwaka 1966 ikaanzisha taasisi yake kuu ya utafiti, KIST. Leo inatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa kwa utafiti. India, pamoja na roketi zake, inatumia chini ya asilimia moja.

Wengine watasema teknolojia yenyewe itaruka pengo. Mfumo wa malipo ya simu wa UPI, ulioanzishwa 2016, ulipitisha miamala zaidi ya bilioni 10 katika mwezi mmoja wa Agosti 2023, na tofauti na M-Pesa iliyozaliwa ndani ya kampuni moja, huu ni njia ya wote inayounganisha benki na programu mbalimbali. Ni kazi nzuri, na Afrika Mashariki ina la kujifunza hapo. Lakini muuza mboga anayepokea malipo kwa kusikiliza kisanduku kikitangaza kiasi kwa sauti hajafundishwa kusoma na kisanduku hicho.

Mjadala huu umevuka bahari. Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua Zanzibar tawi la kwanza la vyuo hivyo nje ya India, likianza na sayansi ya data na akili mnemba, chini ya Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa uongozi wa kampasi ya IIT. Ni heshima kwa visiwa. Ila kilicholetwa ni ghorofa ya juu ya mfumo wa India. Hisabati ya Unguja na Pemba itaendelea kufundishwa na walimu wa Unguja na Pemba. Na huko India kwenyewe fedha ndizo zinazosubiriwa. Tume ya Kothari ilipendekeza mwaka 1966 kwamba asilimia 6 ya pato la taifa iende kwenye elimu. Sera ya 1968 ikaikubali, ya 1986 ikairudia, ya 2020 ikaiahidi tena, na haijafikiwa hata mara moja. Mfuko mpya wa utafiti uliotungiwa sheria 2023, wa rupia bilioni 500 kwa miaka mitano, unategemea sehemu yake kubwa itoke nje ya bajeti ya serikali, katika nchi ambayo kampuni zake hazina mazoea ya kugharamia maabara. Mishahara ya walimu, kwa upande wake, hulipwa hasa na majimbo, na jimbo lenye watoto wengi zaidi wa kufundisha, Uttar Pradesh, ni miongoni mwa yale yenye kipato kidogo kwa kila mkazi.